Jitu Lililotengwa na Mtoto: Kutoka Liongo wa Ozi hadi Kirimu wa Kivu

1.0 Utangulizi

Urafiki baina ya mtoto na jitu lililokataliwa na wenziwe ni mada inayofahamika sana katika fasihi ya watoto ya Ulaya. Katika hadithi ya Mwingereza Roald Dahl iliyochapishwa mwaka 1982, kwa mfano, msichana yatima anasuhubiana na jitu ambalo majitu mengine hulionea kwa kuwa ni dogo kuliko yenyewe na halili watu. Mtoto ndiye wa kwanza kulijua jitu hilo, na kwa sababu ya ujuzi wake nchi nzima inaokoka.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba masimulizi ya Afrika ya Mashariki, kutoka pwani hadi milima ya Kivu, yanaijua mada hiyo tangu zamani, ila yanaitazama kwa upande mwingine. Kwamba mtoto aweza kuishi karibu na jitu na kupendwa nalo, masimulizi hayo yanalichukua kuwa jambo la kawaida. Linaloyashughulisha ni mji unaowazunguka wawili hao: je, mji hufanya nini na ukaribu huo? Matini mbili zitachunguzwa. Ya kwanza ni kisa cha Fumo Liongo wa pwani ya kaskazini ya Kenya. Ya pili ni utendi wa Mwindo wa Wanyanga, majirani wa Wanande wa Beni na Butembo katika Kivu ya Kaskazini. Baada ya hapo yatatazamwa maisha ya neno moja la Kiswahili cha Kongo, neno kadogo, ambalo limeifanya mada hii itoke katika ngano na kuingia katika historia.

2.0 Jitu, zimwi na kirimu

Ni vyema kuanza na maneno yenyewe. Neno jitu limeundwa kwa mzizi -tu, ule ule wa mtu, pamoja na kiambishi ji- cha ukubwa. Kwa asili yake, basi, jitu ni mtu. Kilichobadilika ni ngeli. Sarufi ya Kiswahili huwapa viumbe hai upatanisho wa m-/wa- hata pale majina yao yanapokuwa na maumbo ya ngeli nyingine. Ndiyo maana husemwa kipofu amekuja, wala haisemwi kipofu kimekuja. Lakini msemaji anapotaka kukuza au kudunisha, huiacha kanuni hiyo na kusema jitu limekuja, kijitu kimekuja. Kwa kitendo hicho kidogo cha ulimi, mtu ametolewa katika jamaa ya watu. Kutengwa kwa jitu kunaanzia katika sarufi kabla ya kufika mwituni.

Neno zimwi lina nasaba ndefu zaidi. Wataalamu wa lugha za Kibantu hulihusisha na mzizi wa kale uliozaa pia mzimu, kuzimu na wazimu. Wagikuyu na Wachaga wana irimu, Wakamba wana eimu, na Wazulu wana amazimu, wote wakiwa wala watu wa ngano. Alice Werner aliwatengea viumbe hao sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 1933 kuhusu visasili vya Wabantu. Katika Kivu, Wanyanga wana kirimu, nao Wanande huwaita mizimu yao avalimu. Lugha hizi mbili za mwisho ni jirani hata katika uainishaji wa Malcolm Guthrie: Kinande ni D.42 na Kinyanga ni D.43. Kwa mujibu wa nasaba ya maneno, basi, zimwi anayeogopwa mwituni ni wa ukoo mmoja na marehemu wanaoheshimiwa nyumbani.

Hapana budi kukumbuka hapa methali inayojulikana kote kunakosemwa Kiswahili: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa ni afadhali adui unayemfahamu kuliko usiyemfahamu. Fasiri hiyo inapindua maneno yenyewe. Katika likujualo, mtenda ni zimwi na mtendwa ni wewe. Anayejua ni zimwi, na mwenye kujulikana ni binadamu. Wala methali haiahidi amani kamili. Inasema kwamba utaliwa, ila kitasalia kitu. Ujuzi wa zimwi una kikomo, lakini ndani ya kikomo hicho mna uhai. Suala la historia ni kama ujuzi wa binadamu kwa zimwi umewahi kufikia hata kiwango hicho.

3.0 Liongo: mtoto kama silaha ya mji

Masimulizi ya Fumo Liongo yamechapishwa mara nyingi. Edward Steere alitoa simulizi ya nathari katika mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili wa Unguja mwaka 1870. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi ambao umekuwa matini maarufu kuliko zote. Abdilatif Abdalla aliuhariri na ukatolewa Dar es Salaam mwaka 1973. Zama za Liongo mwenyewe zimebishaniwa na wataalamu kwa tofauti ya karne kadhaa. Kipini, penye mlango wa mto Ozi, huonyeshwa mahali panaposemwa kuwa ni kaburi lake.

Liongo anaelezwa kuwa mtu wa kimo na nguvu zisizo za kawaida. Alipoitwa Pate ili Wagala wamwone, alikata kwa siku moja mwendo wa siku nne. Alipoliza baragumu zikapasuka. Alipoufungua mkoba wake, vilitoka kinu na mchi, vyungu na mawe ya kusagia, vitu vya kujaza nyumba. Wagala walistaajabu na kutaka apewe mke kwao ili wapate mbegu yake. Mtawala wa Pate, ambaye masimulizi mengi yanamtaja kwa jina la Daudi Mringwari, nduguye Liongo, aliingiwa na hofu juu ya ufalme wake. Hapo ndipo kutengwa kulipoanza. Liongo hakutengwa kwa kosa la ukatili katika utenzi wa Kijumwa. Alitengwa kwa kuwa mji haukuwa na kipimo cha kumpimia.

Liongo alikimbilia mwituni na kuishi na wawindaji. Hata huko, hila ya mji ilimfuata. Wawindaji waliahidiwa fedha, wakapanga kula naye kikoa cha makoma: kila siku mmoja apande mkoma na kuwaangushia wenziwe, na zamu ya Liongo itakapofika wampige mishale akiwa juu. Zamu ilipofika, Liongo hakupanda. Aliyaangusha matunda kwa mishale akiwa chini. Kikoa ni desturi ya usawa, ambapo kila mmoja huwalisha wenziwe kwa zamu. Kuifanya mtego ni kuutumia urafiki wenyewe kama silaha, na hii ndiyo mbinu ambayo mji utairudia mpaka ifaulu.

Baadaye Liongo alifungwa. Mama yake alimpelekea chakula kwa mkono wa mjakazi Saada, na walinzi wakawa wanakula kilicho kizuri na kumwachia makombo. Kwa wimbo wa mafumbo Liongo alimwagiza mama atie tupa ndani ya mkate wa wishwa, ambao walinzi hawangeutamani. Wakati watu walipokuwa wakipiga ngoma na kuimba, yeye alikuwa akikereza minyororo. Alitoka, akarudi mwituni.

Ndipo mji ulipomgeukia mtoto. Katika baadhi ya masimulizi ni mwanawe wa kuzaa. Katika mengine ni mpwawe, jambo ambalo baadhi ya watafiti wameliona kuwa alama ya urithi wa upande wa mama. Kijana huyo aliahidiwa cheo na mke wa nyumba ya kifalme iwapo angejua siri ya mauti ya Liongo. Alikwenda, akauliza. Liongo alitambua ni nani aliyelituma swali hilo, akamwonya kijana kwamba anadanganywa. Hata hivyo alimjibu. Kinachoweza kumwua ni sindano ya shaba kitovuni. Kijana alirudi mjini, akapewa sindano, akamchoma alipokuwa amelala.

Wahakiki wameuliza mara kwa mara kwa nini Liongo alisema. Jibu moja ni kwamba shujaa hawezi kusema uongo. Jibu jingine ni kwamba alikuwa amechoka. Lipo jibu la tatu, ambalo linaafikiana na mpangilio wa kisa. Mbele ya wawindaji Liongo alikuwa mwerevu, mbele ya walinzi alikuwa mwerevu zaidi. Mbele ya mtoto alichagua kutokuwa mwerevu. Kwa mtu aliyetengwa na mji, mtoto ndiye mlango pekee uliobaki wa kurudia utu. Kumdanganya mtoto kungekuwa ni kuufunga mlango huo kwa mkono wake mwenyewe, na kuwa kweli lile jitu ambalo Pate ilisema yeye ndiye.

Mwisho wa kisa unaihukumu Pate bila kutoa hotuba. Liongo aliyechomwa aliamka, akachukua upinde na mishale, akaenda kisimani, akapiga goti huku mshale umewekwa tayari. Akafa katika hali hiyo. Watu walimwona, wasijue kwamba amekufa, na kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kuteka maji. Mama yake aliletwa amsihi kwa nyimbo, hata mwili ulipoanguka wenyewe. Mji ulioondoa jitu kwa mkono wa mtoto ulijikuta una kiu mbele ya maji yake wenyewe. Kuhusu kijana, masimulizi yanahitilafiana juu ya mauti yake, lakini yanakubaliana kwamba hakuyafaidi aliyoahidiwa. Silaha ikishatumika haina haki ya mke wala cheo.

4.0 Mwindo: mtoto mbele ya rafiki wa kirimu

Kutoka Ozi hadi Walikale ni mbali, na hakuna haja ya kudai kwamba kisa kimoja kimezaa kingine. Kinachoruhusu kuviweka pamoja ni kwamba vyote viwili vinahusu mtoto, jitu na mji, na kwamba cha Kivu kinaanza pale cha pwani kinapoishia: jitu limekwisha kufa, je, nini kinafuata?

Utendi wa Mwindo ulirekodiwa mwaka 1956 kutoka kwa fanani Candi Rureke, ambaye aliuimba, kuutamba na kuuigiza kwa muda wa siku kumi na mbili. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mwanaisimu aliyekuwa Mnyanga mwenyewe, waliuchapisha mwaka 1969 pamoja na matini ya Kinyanga. Tofauti na utenzi wa Lamu, utendi huu haukutungwa kwa kalamu. Ni wa mdomo, na hadhira iliitikia katika nyimbo zake.

Shemwindo, mtemi wa Tubondo, aliamuru wake zake saba wazae watoto wa kike tu. Mwindo alipozaliwa mwanamume, baba yake alimrushia mkuki, akamzika angali hai, na mwishowe akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Ngoma ilipanda mto, mtoto akiimba ndani yake, kwenda kwa shangazi yake Iyangura. Sifa ya Mwindo ni kwamba yu mdogo aliyetembea mara tu alipozaliwa. Hapa, basi, aliyetengwa ni mtoto, na aliyemtenga ni mtawala yule yule wa kila mahali, mwenye kuogopa mrithi. Mwindo akisaidiwa na Nkuba, ambaye ni radi, aliushinda mji wa baba yake. Alimfuata baba hata chini ya ardhi, lakini hakumwua. Alipatana naye wakagawana utawala.

Kisa kingekoma hapo, kingekuwa cha ushindi wa mtoto aliyeonewa. Rureke hakukikomesha. Mwindo, akiwa sasa mtawala, alitamani nyama ya nguruwe mwitu na kuwatuma wawindaji. Mwituni walikutana na Kirimu, mwenye vichwa saba, pembe saba na macho saba, naye akawameza. Mwindo alikwenda, akamwua Kirimu, akaamuru aokwe motoni. Kadiri macho ya Kirimu yalivyopasuka kwa moto, watu walitoka humo wakiwa hai. Mji ulifurahi. Kwa kipimo cha ngano nyingi za Afrika ya Mashariki, huo ndio mwisho: zimwi amekufa, waliomezwa wamerudi, mtoto ni shujaa.

Lakini harufu ya nyama iliyokuwa ikiokwa ilipanda mpaka kwa Nkuba. Nkuba aliitambua: ni harufu ya rafiki yake. Alishuka kumchukua Mwindo, ambaye naye alikuwa rafiki yake, akamweleza kwamba anampeleka juu ili amfundishe, kwa kuwa ameudhika naye. Mwindo alikaa mbinguni mwaka mzima bila kimbilio. Mvua ilimpiga, mvua ya mawe ilimpiga, jua lilimchoma. Aliporudi, alikuwa amekatazwa kuua wanyama, na aliwapa watu wake sheria. Miongoni mwa sheria hizo ni kutogombana, kutomdhihaki kilema anayepita kijijini, na kuzaa watoto, warefu kwa wafupi.

Sehemu hii yastahili kuangaliwa kwa makini. Utendi haukanushi kwamba Kirimu alimeza watu, wala haumwiti mwema. Unaongeza jambo moja tu, nalo ni kwamba alikuwa na rafiki. Mwindo, ambaye mwenyewe alitupwa mtoni kama kitu kisichohitajiwa, hakulifikiria hilo. Alimwona Kirimu kama Shemwindo alivyomwona yeye. Adhabu ya mbinguni inamrudisha katika hali yake ya kwanza, ya kiumbe asiye na paa, ili ajue kwa ngozi yake kile alichokwisha kusahau akiwa juu ya kiti. Sheria kuhusu kilema na kuhusu watoto warefu na wafupi ni tunda la mwaka huo. Zinakataza kumtoa mtu katika jamaa ya watu kwa sababu ya umbo lake. Yaani zinaanza kazi pale pale kiambishi ji- kilipoanzia.

Tukilinganisha, pwani inaonyesha mtoto anayeuua urafiki kwa niaba ya mji. Kivu inaonyesha urafiki unaodai haki yake hata baada ya kifo. Katika kisa cha Liongo, hukumu ni kiu. Katika kisa cha Mwindo, hukumu ni elimu. Katika vyote viwili, mji unaodhani kwamba umeondoa jitu lisilo na mtu wake unagundua kwamba hakuna jitu lisilo na mtu wake.

5.0 Kadogo: neno na kizazi

Kiswahili cha Kongo hutumia kiambishi ka- kwa udogo, mahali ambapo Kiswahili sanifu hutumia ki-. Kadogo ni kitu kidogo au mtoto mdogo, neno la upendo linalosikika nyumbani na sokoni Butembo kama kwingineko. Mwezi wa Oktoba 1996, vita vilipoanza mashariki ya nchi iliyoitwa wakati huo Zaire, neno hilo lilipata maana mpya. Muungano wa AFDL ulioongozwa na Laurent-Désiré Kabila uliandikisha watoto wengi, na jeshi hilo lilipoingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997, wakazi wa mji mkuu waliwaona wavulana waliobeba bunduki karibu sawa na kimo chao. Waliitwa kadogo. Neno la Kiswahili cha mashariki likaingia katika Kifaransa na Kilingala kwa maana ya mtoto askari.

Msomaji aliyefuata hoja ya sehemu ya pili ataona kilichotendeka. Kama vile ji- ilivyomtoa mtu mkubwa katika ngeli ya watu, ka- ilimtoa mdogo. Jitu na kadogo ni ncha mbili za kitendo kimoja. Aliyekuwa mtoto amekuwa chombo, mfano wa kijana wa Pate mwenye sindano mkononi. Tarehe 16 Januari 2001, Rais Kabila, ambaye vijana hao walimwita Mzee, alipigwa risasi na mmoja wa walinzi wake, kijana anayetajwa kuwa wa kizazi hicho cha kadogo. Ulinganifu na Liongo haupaswi kupita kiasi, kwa kuwa Kabila alikuwa mtawala na Liongo alikuwa mtoro. Hata hivyo, pande zote mbili mkono ni wa mtoto aliyelelewa karibu.

Vita havikukoma hapo. Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha na kuwatumia watoto wa chini ya miaka 15 katika vita vya Ituri, jirani ya Beni, kati ya 2002 na 2003. Alihukumiwa kifungo cha miaka 14. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo. Kabla ya hapo, sheria ya Kongo nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto ilikuwa imekwisha kukataza jambo hilo. Sheria zipo. Lakini mtoto anayerudi kutoka mwituni hafiki kwanza mahakamani. Anafika uani kwao. Katika eneo la Beni, ambako raia wengi wameuawa tangu Oktoba 2014, hofu ya ua huo ina sababu, na mwandishi yeyote anayeidharau hawajui watu wa huko.

Hapo ndipo masimulizi haya mawili yanapopata uzito. Mtoto anayerudi alikwenda mwituni akiwa kadogo na anarudi akiwa jitu machoni pa majirani. Yeye ni mtoto na zimwi kwa pamoja, na hakuna msichana yatima wa kitabuni atakayekuja kumsuhubu. Mji unaweza kufanya kama Pate, yaani kumtumia alipokuwa na faida na kumkana alipokwisha faida. Unaweza pia kufanya kama Nkuba, ambaye hakufuta kosa la Mwindo, hakumwua, hakumtupa; alimtesa kwa mafunzo kisha akamrudisha na sheria mkononi.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mada ya mtoto na jitu lililotengwa, katika masimulizi ya Kiswahili na ya jirani zake wa Kivu, ni mada ya mji zaidi kuliko ya mtoto. Liongo alimjibu mtoto ukweli kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwambia. Mwindo alifunzwa na rafiki wa kiumbe ambaye kila mtu aliona kuwa amestahili kufa. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu ngano za mazimwi zinazotambwa jioni katika Kinande, hasa jinsi zinavyobadilika zinaposimuliwa kwa Kiswahili sokoni na shuleni, na hiyo ni kazi inayowafaa wanafunzi wa Butembo na Beni kuliko wengine wote.

Jambo moja la lugha laweza kutajwa mwishoni. Neno kadogo linapowekwa katika wingi mitaani, wasemaji wengi hawasemi tudogo, kama kanuni ya ka-/tu- ingetaka. Husema bakadogo. Kiambishi ba- ni kile kile cha watu, bantu. Hakuna mwalimu wa sarufi aliyewaamuru. Juu ya neno lililomfanya mtoto kuwa kitu, ulimi wa wakazi wenyewe umerudisha, bila makeke, alama ya utu wake.